Kikombe cha Kwanza kwenye Rafu ya Goins

Permelia Goins hakuwa mtu wa kubembeleza. Ukiwa mjinga alikwambia, na ukiwa mjinga na tena unanuka jasho, alianza na jasho. Wanaume wa Bondeni, mtaa wetu sisi watu weusi hapa mjini Galloway, walikuwa wakimwogopa ila wakisema wanamheshimu. Haya, waseme watakavyo.

Mumewe, Absalom, alikuwa kinyozi. Duka lenyewe lilikuwa na viti viwili, jiko la makaa, kioo chenye ufa pembeni, na rafu. Ukiniuliza, rafu ndiyo ilikuwa duka. Kila mteja wa kudumu alikuwa na kikombe chake cha sabuni ya kunyolea, jina limechorwa kwa rangi, na hakuna aliyethubutu kuchovya brashi kwenye kikombe cha mwenzake. Vikombe vya watu wa kawaida vilikaa rafu za chini: mashemasi, wachimba makaburi, wapakia mizigo wa stesheni. Rafu ya juu ilikuwa ya wachezaji wa besiboli, vijana wa timu ya kiwanda cha matofali.

Na si kwamba kila mtu aliweka chake anapotaka. Msimu ukiisha, majani yakishaanguka, Absalom alichagua Jumamosi moja akashusha vikombe vyote vya wachezaji, akavipanga upya mbele ya watu. Mchezaji bora wa msimu alikaa mwanzo wa rafu, karibu na kioo. Wa pili akafuata, wa tatu, hivyo hivyo mpaka yule wa mwisho kabisa, huko kwenye bomba la jiko, akapikwe na masizi. Wakishapangwa, wamepangwa. Baridi yote, mtu akiingia kunyolewa jicho lake la kwanza linakwenda juu. Kuna familia zilihama kanisa kwa ajili ya rafu ile, na kuna mjomba na mpwa walioingia kaburini bila kusemeshana tena.

Kisha yule wa kwanza aliketi kwenye kiti, na Absalom akamnyoa kwa mkono wake mwenyewe, bure, watu wote wanaangalia. Hiyo ndiyo ilikuwa tuzo. Hapakuwa na nyingine, na hakuna aliyetaka nyingine.

Absalom alikufa baridi ile ya kuingia mwaka elfu moja mia tisa na tisa. Alikuwa ameugua kwa muda mrefu, mikono ikimtetemeka kama mtu ameshika farasi wa watu, na Permelia ndiye aliyekuwa akimnyoa kitandani. Wembe hakuujifunzia hapo. Alikuwa na miaka mingi akiitwa nyumba za misiba kunyoa wanaume waliokufa, maana vinyozi wenyewe wanaogopa. Mabwege. Mtu aliyekunyima salamu akiwa hai, akifa utaogopa nini?

Basi Absalom akazikwa, na duka likabaki kwa Permelia na binti yao Vashti, na kinyozi wa kuajiriwa, Lucius Bell, mwanamume mwenye mkono mwepesi na mgongo wa uji. Lucius alinyoa, Vashti alifua na kuchemsha taulo, Permelia alishika funguo. Kiangazi kizima hakuna aliyesema neno. Lakini majani yalipoanza kuanguka, minong'ono ikaanza. Rafu ataipanga nani?

Maana watu wa Bondeni hawakuwa na cheti cha kuonyesha duka ni la nani. Walichokuwa nacho ni macho. Mkono utakaopanga vikombe Jumamosi ile, huo ndio watakaouhesabu kuwa mkono wenye duka. Lucius akipanga yeye, basi ni duka la Lucius Bell, na Permelia ni mwanamke fulani anayefua taulo huko nyuma. Permelia alilijua hilo kabla wao hawajamaliza kulifikiri.

"Nitapanga mimi," alimwambia Lucius asubuhi moja, kabla wateja hawajaingia.

Lucius akaukazia macho mkanda wa kunolea wembe. "Bi Permelia, mimi sina neno. Ila wanaume wanasema…"

"Wanaume gani? Wataje."

"Wanaume tu."

"Hao hawapo. Wakipatikana wenye majina, waambie waje."

Aliyekuja alikuwa na jina. Shemasi Ebenezer Yancey, mtu mzima, tumbo mbele, sauti ya kusomea tangazo la msiba. Mwanawe Dock ndiye aliyekuwa mrushaji wa timu, yule anayemtupia mpigaji mpira, kijana mrefu mwenye mkono kama mjeledi, na msimu ule Bondeni nzima ilimlea kama yai. Shemasi alitaka kikombe cha mwanawe kikae cha kwanza kama watu wengine wanavyotaka mbingu.

Na mshindani alikuwa mmoja tu. Orville Tandy.

Hapo ndipo kwenye jipu lenyewe. Orville alisimama kati ya kituo cha pili na cha tatu, pale mipira migumu inapopita, na ilikuwa haipiti. Mwembamba, mguu mmoja umepinda kidogo, anatembea kama kuku aliyeoga. Lakini mpira ukigongwa kuelekea kwake alikuwa yuko pale kabla yake, unashangaa kafikaje. Na Orville huyo huyo ndiye aliyekuwa amwoe Vashti.

Harusi ilipangwa Alhamisi, mwezi wa sita, saa sita mchana. Mechi na Weldon, wale wa ng'ambo ya mto, ilikuwa ichezwe Jumamosi ya kabla, mvua ikaifuta, na wenye timu wakaisogeza Alhamisi ile ile. Orville hakusema kitu. Timu nzima haikusema kitu. Asubuhi wakapanda treni, gongo na glavu kwenye magunia, wakaenda zao. Kanisani, Vashti alisimama na gauni lake mpaka maua yakalegea. Permelia alisimama pembeni yake ameshika keki ya matabaka aliyoioka mwenyewe, hakuiweka chini, maana alijua akiiweka chini mikono itatafuta kitu kingine cha kushika.

Jioni treni ikarudi. Walikuwa wameshinda. Orville akaja mlangoni, vumbi mpaka kwenye kope, anacheka.

"Mama, tumewachapa! Harusi tufanye kesho basi. Harusi inangoja, lakini mechi je? Mechi ingengoja?"

Alikuwa hatanii, jamani. Hapo ndipo ujue wanaume hawa wameumbwaje. Aliamini kabisa kwamba watafurahi.

Permelia alimpa ile keki, nzima, mikononi mwake. "Kale na wenzio," akasema, akafunga mlango. Tangu siku hiyo Orville hakukanyaga dukani kwa Goins. Kikombe chake kilibaki kwenye rafu kimekauka, na yeye akajinyoa mwenyewe nyumbani, vibaya, kila Jumapili kidevu kina vidonda kama alipigana na paka.

Basi Shemasi Yancey alikuja, akavua kofia, akaketi kwenye kiti cha pili bila kuombwa.

"Dada Permelia, nimekuja kama ndugu katika imani."

"Ndugu katika imani hupitia mlango wa kanisa. Huu ni wa kunyolea. Unanyolewa?"

Shemasi akacheka cheko la subira. "Nasikia unataka kupanga rafu mwenyewe. Wapo wasiopenda. Lakini mimi naweza kuwatuliza. Nitasema, mwacheni dada yetu, ana haki. Na wewe ukifika kwa yule mbwa Tandy, ukimtupa kule kwenye bomba la jiko, hakuna atakayekulaumu. Mtaa mzima unajua alichomfanyia mtoto wako. Wote tutaitikia amina."

Na hapa lazima isemwe kweli: ilimpendeza. Kwa muda wa kumeza mate mara moja, alikiona kile kikombe kimesimama kwenye masizi baridi yote, na kila anayeingia anacheka. Alikuwa mwanamke, si sanamu.

Kisha akasema, "Na mwanao Dock, Alhamisi ile, alikuwa wapi?"

"Dock?"

"Alipanda treni ipi, Shemasi? Ile ya Orville, au ana ya kwake?"

Shemasi akavaa kofia. Mlangoni akageuka, sauti imeshuka kutoka ya ndugu mpaka ya mtu anayedai deni. "Mimi nikishusha kikombe changu hapa, Permelia, vingine vyote vitanifuata. Prewitt, kinyozi wa upande wa pili wa reli, ana nafasi ya kutosha kwenye rafu yake."

"Ana nafasi kwa sababu hana wateja. Anakata masikio."

Lakini alipoondoka, Permelia alikaa. Alijua shemasi hadanganyi. Akimweka Orville chini, watasema mwanamke hupanga kwa nyongo, na mwaka kesho Lucius ndiye atakayepanga. Akimweka juu, shemasi atabeba kikombe chake na nusu ya duka nyuma yake. Na zaidi ya hayo yote, kulikuwa na Vashti.

Vashti alimuuliza jikoni, mkate wa mahindi uko ndani ya jiko unaiva, mgongo amempa mama yake.

"Utamweka wapi?"

"Anapostahili."

"Sikukuuliza hilo, mama. Nimekuuliza wapi."

"Sijamaliza kufikiri."

"Umemaliza. Wewe hujawahi kufikiri siku mbili katika maisha yako." Akageuka, macho makavu kabisa, na hilo lilikuwa baya kuliko machozi. "Ukimweka wa kwanza, mimi ndiye ninayefuta vumbi rafu ile. Kila siku. Nitamfutia vumbi yeye."

"Utafuta vumbi la kikombe. Yeye hayumo ndani."

"Unajua ninachosema."

"Najua. Na wewe unajua ninachojibu. Baba yako alimweka ndugu yake wa damu mwisho wa rafu, mwaka ule alipokuwa akidondosha mipira kama mayai. Mama yao akalia. Asingefanya vile, rafu ile ingekuwa ubao wa kuwekea vikombe. Sisi tunakula kwa rafu ile, Vashti."

"Basi kuleni," alisema Vashti, akatoka, na mkate ukaungua chini kwa sababu kila mmoja alidhani mwenzake anautazama.

Tangu hapo hawakusemeshana. Vashti alipiga pasi taulo za duka kama anaziadhibu. Wiki nzima Permelia alikula peke yake, akatembea peke yake mpaka uwanjani, ambako kiangazi chote alikuwa akikaanga kambale na kuwauzia watazamaji kando ya uzio. Uwanja ulikuwa mtupu, nyasi zimekufa. Akasimama pale pale alipokuwa akiweka sufuria yake, akaangalia kile kipande cha udongo kati ya kituo cha pili na cha tatu. Akajaribu kuukumbuka msimu mzima bila kumkumbuka Orville. Haikuwezekana. Kila mpira alioukumbuka ulikuwa ukielekea kwake. Akamtukana kwa sauti, peke yake, tusi la kutosha, akarudi nyumbani.

Jumamosi ilipofika, duka lilijaa mpaka watu wakasimama kwenye ngazi na wengine wakabandika pua dirishani. Wachezaji walikuwa ndani, nywele zimepakwa mafuta, wanajifanya hawajali. Hezekiah Poole, mdakaji wa timu, jitu kubwa lisilofunga mdomo, alikalia ndoo ya makaa. Shemasi Yancey alikaa mbele kama yuko kwenye picha. Dock alisimama nyuma ya baba yake, anajichunguza viatu. Lucius alijibanza pembeni na ufagio, na hakuna alichokuwa anafagia.

Orville Tandy hakuwepo.

Permelia alipanda kwenye kigoda akashusha vikombe vya wachezaji kimoja kimoja, akaviosha, akavikausha kwa taulo, akavisimamisha juu ya kaunta. Hakuharakisha. Absalom alikuwa na desturi ya kuanzia mwisho, na yeye akaanzia mwisho.

Akachukua kikombe kimoja, akakisukuma kule kwenye bomba la jiko.

"Luther," alisema. "Mpira ukipaa, wewe unafumba macho unaomba. Besiboli si ibada."

Watu wakaangua kicheko. Luther naye akacheka, maana ilikuwa kweli na wote walikuwa wamemwona.

Akaendelea. Huyu alikuwa mvivu wa kukimbia. Huyu alianza vizuri akaharibiwa na ugimbi wa Weldon. Mapacha wa Gentry aliwaweka pamoja, "kwa sababu sijawahi kujua yupi amekosea." Kila kikombe kilipopanda, mtu mmoja alishusha pumzi na wawili wakabishana, na hakuna aliyesema kapanga vibaya. Hata wale waliokuja kusema.

Alipofika kwa Hezekiah alimweka wa tatu.

"Wa tatu!" Hezekiah aliruka kutoka kwenye ndoo. "Bi Permelia, goti langu limekwisha kwa ajili ya timu hii!"

"Goti nimeliona. Ndilo lililokuweka wa tatu. Kwa mdomo ungekuwa kwenye jiko."

"Amina," alisema mtu kutoka kwenye ngazi, na duka zima likacheka mpaka vikombe vikatetemeka.

Vikabaki viwili. Cha Dock, kimechorwa jogoo mwekundu. Na cha Orville, kina mstari wa buluu tu, maana alikuwa bahili, hakutaka kulipia maua. Kicheko kikafa. Shemasi akavuta koti lake likae sawa.

Permelia akaviangalia vyote viwili. "Kuna mechi moja siihesabu," alisema. "Ile ya Alhamisi kule Weldon. Nasikia ilikuwa tamu. Nasikia kuna mtu aliruka akadaka mpira kwa mkono mtupu, akautupa akiwa amepiga magoti, mechi ikaisha hapo. Mmeisimulia humu kiangazi kizima, mkinyamaza kila ninapoingia na taulo. Sikuiona. Nilikuwa nimeshika keki. Kwa hiyo kwenye rafu hii mechi hiyo haikuchezwa."

Nusu ya wanaume waliokuwemo mle walikuwa kwenye treni ile, na kila mmoja akapata kitu cha kutazama sakafuni.

Shemasi akaitikia kwa kichwa, ameridhika. Aliona mlango umefunguka. "Umesema sawa, dada. Hesabu zilizobaki."

"Nahesabu," alisema Permelia. "Nimetoa ile mechi, nimebakiwa na msimu mzima. Na msimu mzima, Dock, mwanangu, ulirusha vizuri kuliko mtu yeyote niliyemwona nikiwa na akili zangu."

Akakichukua kile chenye jogoo, akakiweka cha pili.

Kisha akakichukua kile cha mstari wa buluu. Mkono wake ulikuwa mtulivu kama wa mtu anayeweka sufuria mezani. Akakiweka cha kwanza, karibu na kioo, akakigeuza jina lionekane. Tandy.

"Ukiitoa ile Alhamisi," alisema, "bado ni yeye."

Shemasi Yancey alikuwa ameshasimama. Hakupiga kelele, mashemasi hawapigi. Alinyoosha mkono rafu ya chini akashika kikombe chake chenye herufi za dhahabu. "Nasikitika," alisema. "Nasikitika sana kuona nyumba ya Absalom inafika hapa. Dock, chukua chako."

Watu wawili watatu wakaanza kuangalia vikombe vyao. Lucius aliusimamisha ufagio.

Dock hakusogea.

"Dock."

"Baba, kiache," alisema Dock. Sauti ilikuwa ndogo, lakini hata waliokuwa kwenye ngazi waliisikia. "Nilikuwa narusha, baba. Mipira yangu ilikuwa ikigongwa sana tu. Ila kila nikigeuka, Orville ameshaudaka. Watu wakaniita mimi bingwa. Mimi nakijua kikombe changu." Akamgeukia Permelia, na hili la pili lilimtoka kwa taabu zaidi. "Na ile treni, Bi Permelia. Tulijua. Wote tulijua ni siku ya harusi."

"Najua mlijua," alisema Permelia. "Kwani hata huo wa pili ulidhani nimekuweka kwa kukosa habari?"

Hezekiah ndiye aliyeanza kucheka, na akajizuia kwa kiganja. Shemasi alisimama na kikombe chake mkononi kama mtu aliyeshika mtoto wa jirani. Alimtazama mwanawe, akautazama mlango, na ule umati kwenye ngazi haukumpisha. Mwishowe akakirudisha, kwa kishindo, ili isionekane amekirudisha kwa hiari.

"Haya," alisema Permelia. "Wa kwanza yuko wapi? Kiti kinapoa."

Alikuwa nje muda wote, nyuma ya watu, amevaa kofia ya Jumapili. Wakamsukuma mpaka ndani. Orville Tandy aliingia akiangalia rafu, akaona jina lake pale karibu na kioo, na uso wake ukafunguka kama wa mtoto aliyepewa pipi. Halafu akaona kiti. Halafu akamwona Permelia anauvuta wembe kwenye mkanda, taratibu, huku na huku.

Ndipo duka zima likakumbuka sehemu iliyobaki ya desturi. Anayepanga ndiye anayenyoa.

"Lucius si anaweza…" alianza Orville.

"Lucius hakupanga."

"Orville," alisema Hezekiah kwa upole, "umeandika wosia? Mimi nataka ile glavu."

"Bi Permelia amenyoa wengi," akasema mwingine. "Hakuna aliyewahi kulalamika."

"Wangelalamikaje? Si walikuwa maiti!"

Angeweza kutoka. Mlango ulikuwa wazi. Lakini kikombe kilikuwa pale juu, na asiyekalia kiti hakuwa wa kwanza. Kichaa kile kile kilichompandisha treni ndicho kilichomkalisha. Akavua kofia, akaketi, akalaza kichwa nyuma, koo nje. Jasho lilikuwa limeanza kumtoka puani.

Pazia la nyuma likasogea, Vashti akaingia na taulo la moto.

Alikuwa hajasema na mama yake wiki nzima, na hakusema sasa. Alilibeba lile taulo kwa koleo la makaa, maana kwa mikono lilikuwa halishikiki. Akalilaza juu ya uso wa Orville. Orville alitoa sauti, si neno, sauti tu, na miguu yake ikanyooka.

"Limepoa kidogo?" aliuliza Vashti.

"Mm-mm!"

"Vizuri." Akarudi nyuma, akafunga mikono kifuani, akabaki pale pale. Permelia hakumwangalia. Lakini mgongo wake ulinyooka kidogo.

Akaondoa taulo, akachovya brashi kwenye kile kikombe cha mstari wa buluu, akampaka povu mpaka masikioni. Wembe ukaanza shavuni. Ungesikia vinyweleo vikikatika. Shavu hili, shavu lile, juu ya mdomo, kisha akamshika kidevu akakiinua, wembe ukashuka kooni.

"Mama," Orville alinong'ona, "nisamehe."

"Usiongee. Ukiongea koo linatembea, na mimi nimezoea wateja wasiotembeza koo."

Macho ya Orville yalikuwa kwenye dari, yakimeta. Wembe ukapita mara moja, ukapanguswa, ukapita tena. Hapakuwa na tone la damu. Hata pale kwenye vidonda vya zamani alivyojikata mwenyewe, Permelia alizunguka kama anapita kando ya dimbwi. Alipomaliza alimpangusa, akampaka mafuta ya mkaratusi, akamgeuza kwenye kioo. Hakuna aliyewahi kumwona Orville Tandy msafi namna ile. Alikuwa kijana mzuri, balaa lile.

Watu wakapiga makofi. Orville akasimama, akajipapasa kidevu, na pumzi zilipomrudia, akili zikamkimbia. Aliona amenyolewa, amepigiwa makofi, yu hai. Alidhani yamekwisha.

"Basi, Mama," alisema, anamtazama Vashti, "naweza kuja kesho baada ya kanisa? Tuzungumze?"

Hata Hezekiah alifumba macho.

Permelia alikuwa anakiosha kile kikombe. Alikikausha ndani na nje, akapanda kigodani, akakirudisha mahali pake karibu na kioo. Ndipo akageuka.

"Hicho ni chako," alisema. "Ulikipata kwa haki, na kitakaa hapo mpaka majani yaanguke tena, na atakayekisogeza nitamnyoa kavu. Lakini leo ndiyo mwisho wa kuingia brashi. Humu hunyolewi tena. Wala na mimi, wala na Lucius, wala na mtu yeyote nitakayemwajiri mpaka nife. Na huyu unayemtazama ana mdomo wake."

Vashti alifungua mdomo wake. "Hapana," alisema. Ilitosha.

Orville alibaki katikati ya duka, kofia mkononi, anaangalia kikombe, anaangalia kiti. "Sasa nitakwenda kunyolewa wapi? Prewitt anakata masikio."

"Treni inatoka asubuhi," alisema Permelia. "Unaijua."

Baridi ile Orville Tandy alifuga ndevu. Zilimtoka kwa mafungu, kama nyasi za uwanja ule, na kila aliyeketi kunyolewa kwa Goins aliliona jina lake kwanza, kisha akauliza habari zake, na kila aliyeuliza alisimuliwa yote, pamoja na keki. Hakuna aliyeuliza tena duka ni la nani. Shemasi alikuja kunyolewa kila Ijumaa kama kawaida, ila akanyamaza, jambo ambalo halikuwa kawaida yake.

Na Vashti alifuta vumbi rafu ile kila siku, kama alivyosema. Vikombe vingine vilikuwa na povu lililoganda na harufu ya sabuni. Kile cha kwanza kilikuwa kikavu. Alikifuta vizuri kuliko vyote, jina likaonekana mpaka mlangoni.